Hodi ya Asubuhi

Siku ile mjinga alikuwa Gabrieli Ntandu, na wa kwanza kulikubali ni yeye mwenyewe. Ukipita Mungaa leo ukamkuta ameketi na wenzake penye mashine ya kukamua alizeti, mtu akianza kusimulia habari za wajinga aliowahi kuwaona, Gabrieli huinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. Anzeni na mimi, huwaambia. Wenzake hucheka, naye hucheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayecheka kwenye harusi ya jirani asiyemfahamu vizuri.

Jambo lenyewe lilianzia hapo hapo mashineni, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo wa Singida ukiwa umeamka na visirani vyake vya kiangazi. Gabrieli alikuwa amepeleka magunia yake ya alizeti. Mwenye mashine, Laurian, ni Mnyiramba wa upande wa Sekenke, ambako babu zake walichimba dhahabu wakaondoka na kikohozi. Gabrieli ni Mnyaturu wa hapo hapo. Na Mnyiramba akikutana na Mnyaturu, salamu huja baada ya matusi, kwa sababu hao ni watani, na utani una sheria zake: huruhusiwi kukasirika, kuamini, wala kukosa jibu.

Kwa miaka mingi bingwa wa mchezo huo alikuwa Gabrieli. Aliwahi kuwaambia wakwe wa Laurian, bila kutabasamu, kwamba Mungu aliwapa Wanyiramba dhahabu wakaomba wabadilishiwe kwa mlenda. Wakwe walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Lakini tangu Janeth afariki, Gabrieli alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, unauona, ukiubonyeza hausemi kitu. Ukimtania, alisema haya. Ukimpa pole, alisema haya. Fisi alipomlia mbuzi wawili, mchungaji alikuja mbio akihema kumpa habari, naye akasema haya, akaendelea kufunga kamba ya ndoo.

Janeth alikuwa binti yake mkubwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja cha Singida mjini. Chuo kilipofunga kwa likizo mwaka uliopita, wasichana aliopanga nao nyumba moja walibeba mabegi wakaenda kwao, wakiamini Janeth ameshatangulia. Nyumbani Mungaa walijua amebaki mjini kumalizia mafunzo ya vitendo. Yeye alikuwa chumbani kwake, tumbo limemkamata, simu imezima, begi limefungwa tayari kando ya kitanda. Kila upande ulikuwa na uhakika kwamba yuko upande wa pili. Daktari alisema baadaye kwamba angewahiwa siku ya kwanza angepona, kisha akajutia kulisema. Ukoo ulikuja kumzika ukijaza malori mawili na trekta moja. Nani aliufungua mlango wa chumba kile akamkuta, watu wote wa nyumba ya Gabrieli walilijua. Hakuna aliyewahi kulitamka.

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Laurian alifika makaburini siku ile akiwa amejipaka majivu usoni, tayari kujilaza ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe kuku, ili watu wacheke kidogo wapate nguvu ya kurudi nyumbani. Alifika ukingoni, akachungulia, akarudi nyuma, akashika koleo kama watu wengine. Tangu hapo alijiona mtu aliyeacha kazi katikati. Kila alipomwona Gabrieli alimrushia neno, kama anayetupa kijiwe kisimani asikie kama kuna maji.

Jumamosi hiyo, mapema, Laurian alikuwa amemwona Magreth, mke wa Gabrieli, amesimama barabarani na kitenge chake cha kanisani, akisubiri gari. Magreth alimwambia ukweli na kumwomba aumeze. Anakwenda chuoni kwa Eliana, binti yao wa pili. Kuna umoja wa wasichana wa vyuo, unaitwa Udada, makao yake Dodoma, na leo unafungua tawi Singida. Eliana ni mmoja wa waasisi, na kila mwasisi lazima aletwe na mzazi. Nyumbani ameaga kwamba anakwenda Mgori kumwona dada yake. Laurian aliapa kwa marehemu babu yake. Lakini siri ukimpa mtani haifichui wala haifichi. Huivika nguo nyingine akaitembeza.

"Wewe umekaa hapa unanusa mashudu ya alizeti," alimwambia Gabrieli juu ya kelele za mashine, "mwenzio amekwenda mjini kupokea ng'ombe. Kuna chama cha mabinti kimemposa Eliana. Leo saa sita wanamfunika nguo wanamchukua, na ng'ombe wote wanashushwa kwa wajomba."

Zamani Gabrieli angejibu kabla mwenzake hajafunga mdomo. Safari hii aliuliza, "Ng'ombe wangapi?"

Moyo wa Laurian uliruka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba Gabrieli kuuliza kitu. "Kumi na wawili. Wewe wamekutengea mmoja, kipofu, ili asijue amefika kwa nani."

Gabrieli aliinuka, akajikung'uta, akaondoka. Laurian alimtazama mgongo akajua anakwenda kutafuta jibu la kumzika nalo. Kisima kimetoa maji, alijisemea. Ilikuwa karibu mchana alipoyaona magunia ya Gabrieli bado yameegemea ukuta, hayajaguswa, ndipo alipojua mwenzake ameuamini mzaha.

Usimcheke sana Gabrieli. Maneno yalikuwa yakimwingia tangu mwaka jana bila kupita mahali pa kuchujwa. Ya kweli na ya mzaha yalilala kitanda kimoja. Simu ya nyumba ilikuwa moja, na ilikuwa mfukoni mwake. Alimpigia shemeji yake wa Mgori, akaambiwa Magreth hajafika wala hakuagiza kwamba atafika. Akampigia Eliana, simu imezimwa. Binti ambaye simu yake imezimwa: hilo Gabrieli aliwahi kulisikia, na aliwahi kusema moyoni kwamba labda ni chaji tu.

Alikwenda kwa kaka yake.

*

Leonard Ntandu ni mkubwa wa ukoo, na ana koti. Watu wengine wana makoti pia, ila lake hulivaa kabla ya kukasirika, ili hasira imkute amekamilika. Hakuuliza mambo ya ng'ombe yametoka wapi. Alisema tu kwamba alilijua, kwamba mtoto wa pili kumpeleka chuo kilekile kilichomla wa kwanza ilikuwa ni kumpa fisi ufunguo wa zizi, na kwamba leo wanamrudisha nyumbani na habari ya chuo inakwisha.

Kweli Gabrieli hakuwahi kumruhusu Eliana kusoma pale. Hakuwahi kumkataza pia. Eliana alikuwa amesema anataka chuo kile kile cha dada yake, watu wakamtazama baba, na baba akasema haya.

Nauli ya gari la Noah ililipwa na Leonard, kwa sauti. Alimweleza kondakta kwamba analipia wawili, huyu mdogo wangu naye, ndiyo, huyo mwenye makatambuga ya matairi. Abiria wakamtazama Gabrieli miguuni. Gabrieli naye akajitazama, aone wanachokiona.

Getini mlinzi aliwadhania vibarua wa mtaro, akawaambia wapite geti la nyuma. Gabrieli alikuwa ameshageuka kwenda huko. Leonard ndiye aliyemshika mkono, koti likimtetemeka mabegani. Alieleza kwamba yeye ni mzazi, amekuja kwenye shughuli. Mlinzi aliomba radhi kwa namna ya mtu ambaye kosa lake halikumshangaza, akawaambia vitambulisho vya wageni vimebaki kimoja, wageni leo ni wengi. Leonard alikivaa. Gabrieli akaandikishwa kama mtu aliyefuatana naye. Fimbo yake ilibaki kibandani, imeegemezwa kati ya ufagio na jembe, na kwa kweli ilifanana navyo.

Mara ya mwisho kukanyaga chuo hicho ni siku alipokuja kuchukua vitabu vya Janeth. Alitembea akisubiri kitu kimguse. Aliona bomba linalovuja na mtu ameliwekea kopo chini. Aliona wasichana wawili wakigawana andazi. Aliona jengo ambalo Janeth alipiga nalo picha akaituma nyumbani, na akajiambia hili ndilo lile jengo. Hakikutokea kitu.

Ukumbi waliupata kwa kufuata vigelegele.

*

Mbele walisimama wasichana saba, na meza yenye kanga za kijani ambazo zilikuwa saba, sasa imebaki moja. Sita walikuwa wamekwishafunikwa mabega. Aliyeongoza shughuli aliitwa Joyce, mwenyekiti wa Udada aliyetoka Dodoma asubuhi ile, msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe na mikono ya kushika kalamu. Alikuwa amewakumbusha wageni tangu mwanzo kwamba tawi la Udada halifunguliwi na waasisi pungufu ya saba. Mmoja akikosekana, wanakunja kanga zao wanarudi mwakani.

Wa saba alikuwa Eliana.

"Nani anamleta binti huyu?" Joyce aliuliza.

Kwenye safu ya akina mama alisimama Magreth. Gabrieli alimwona mke wake kwa nyuma, shingo, kitenge, na mshono wa begani alioutengeneza mwenyewe jana yake kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa amemwona akiushona. Hakuwa ameuliza.

"Mimi mama yake namleta," Magreth alisema, "na ninyi mnipokelee."

"Haletwi na mtu," Gabrieli akasema kutoka mlangoni.

Vichwa viligeuka vyote. Hakuwa amepanga kusema, na sasa alikuwa amesema, ikabidi amalizie. Alitembea kati ya viti makatambuga yakipiga sakafu, akasimama mbele ya meza, akaongea taratibu kama anayetoa ushahidi barazani.

"Mimi ndiye baba yake. Sijaitwa, sijaulizwa, sijala kitu cha mtu. Hao ng'ombe kumi na wawili sijawaona. Na yule kipofu simtaki."

Kisha ukumbi ukalipuka.

Walicheka akina mama, wakacheka walimu, wakacheka wasichana sita wa kanga mpaka wakashikana. Walidhani ni mtani aliyealikwa kuchangamsha shughuli, na ni nani angewalaumu; mzee wa makatambuga, uso mkavu kama mbao, akikataa ng'ombe kipofu mbele ya mgeni rasmi. Joyce mwenyewe alipiga makofi. Mama mmoja mnene alitoka kwenye safu akicheza, akamzunguka Gabrieli mara mbili, akachomeka noti kwenye mfuko wa shati lake kumtunza, akarudi kukaa huku akipangusa machozi ya kicheko. Wengine wakapiga vigelegele wakimtaka aendelee.

Gabrieli alisimama katikati ya kicheko kile akimtazama Magreth, ambaye hakuwa akicheka. Wala Eliana. Ndipo maneno ya Laurian yalipoanza kuvua nguo moja moja: mashine, mashudu, ng'ombe, wajomba. Kipofu, ili asijue amefika kwa nani. Lilikuwa neno zuri, kwa kweli. Mwaka juzi angelilipia hata soda.

Leonard hakucheka pia. Alipita kati ya viti na koti lake, akamwambia Eliana kwa sauti ya chini kwamba anahitajika nje, na Magreth naye. Kwa wageni, Joyce akatangaza mapumziko mafupi. Watu wakaendelea kumsifu mtani.

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na tangi la maji na kivuli chake. Walisimama hapo wanne, upepo ukivuta kitenge cha Magreth upande mmoja.

Magreth na Eliana walimpa Leonard shikamoo, kila mmoja kwa zamu, naye akaitikia, maana ugomvi hauli adabu. Kisha akaanza kupanga makosa kama anavyopanga kwenye vikao vya ukoo. La kwanza, mke amemdanganya mume. La pili, mtoto ameingia kwenye jambo ambalo baba hakuambiwa. La tatu hakulitaja, aliitazama tu ile noti iliyochungulia mfukoni mwa mdogo wake. Gabrieli alifuata macho yake, akaiona, akaisukuma ndani kwa kidole. Haikuingia vizuri.

Kwa lile la kwanza Magreth aliomba radhi. Alieleza kwamba aliuza kuku wake wawili akapata nauli, hakugusa cha mtu. Angesema ukweli nyumbani mumewe angesema haya, na haya ya siku hizi haina ndiyo ndani yake wala hapana. Wakati yeye akitafakari ni ipi, hapana ya shemeji ingekuwa imefika mlangoni.

"Basi imefika hapa," Leonard alisema. "Imechelewa tu gari." Akamgeukia Eliana, akauliza kwa upole wa kuogopesha hicho chama kinafanya nini.

Eliana alikuwa na sauti ya baba yake, ile ya zamani iliyonyooka. Alisema Dodoma wana mambo mengi, wanaimba, wanasaidiana vitabu, wanamsindikiza mwenzao anayekwenda kuomba kazi. Hapa Singida wameomba waongezewe moja, wakakubaliwa. Kila binti ana dada wa mlango. Kila asubuhi dada wa mlango anakuja anapiga hodi, na wewe uliyeko ndani unaitika kwa mdomo wako. Meseji haikubaliki. Akigonga mara tatu asisikie sauti, mlango unavunjwa, na kitasa kinalipiwa na tawi. Chuo kikifunga, hakuna anayeondoka kabla dada yake hajamwona anapanda gari, na hakuna anayeacha kupiga simu mpaka mtu wa nyumbani aseme amefika, huyu hapa namwona.

"Nani aliongeza hilo?" Leonard aliuliza.

"Mimi, baba mkubwa."

Ndani ya ukumbi walianza wimbo, wakakatiza, wakaanza tena wakiwa wamekubaliana.

"Wewe," Gabrieli alisema, na wote watatu wakamtazama kwa sababu walikuwa wamesahau kwamba na yeye anaongea. "Wewe anakugongea nani?"

"Nikita."

Na kama aliyeitwa, Nikita alitokea kwenye kona ya ukumbi, msichana mwembamba mwenye kanga ya kijani mabegani na nyingine imekunjwa mkononi, ile ya saba. Alimpa Leonard shikamoo, akampa Gabrieli, akampa Magreth mara ya pili. Alieleza kwamba dada Joyce ana basi la kurudi Dodoma, mgeni rasmi naye ameanza kutazama saa, na kwamba wanasubiri.

Leonard alimpima kutoka nywele mpaka viatu. "Na wewe binti, wa ukoo gani?"

"Wa dukani kwa Prashant, babu, pale jirani na soko. Prashant ni baba yangu. Eliana amepanga chumba nyuma ya duka letu."

"Kwa hiyo mtoto wa Ntandu analindwa na duka."

"Na mimi nalindwa na mtoto wa Ntandu, babu. Asubuhi namgongea, jioni ananigongea. Mama yangu ameshamchoka." Alisema bila kucheka, na Gabrieli, ambaye alikuwa fundi wa maneno hayo, alisikia kitu kikimtekenya mahali fulani mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya tatu kutoka kwako.

"Leo umegonga?" alimuuliza.

"Nimegonga, babu. Kabla ya kufungua duka."

Akamgeukia Eliana. "Ukaitika?"

"Niliitika, baba."

"Ukasema nini?"

Eliana hakuelewa kwa nini anaulizwa hivyo. "Nilisema nipo. Tunasema hivyo tu. Nipo."

Mguu uliokufa ganzi, ukianza kurudi, hauji na raha. Unakuja na sindano. Gabrieli aliweka kiganja kwenye tangi la maji, bati likiwa la baridi kwa upepo, akakiacha pale. Alitaka kusema jambo refu. Lililotoka ni lilelile.

"Haya," alisema.

Leonard ndiye aliyeliokota. Neno lisilo na mwenyewe huokotwa na wa kwanza, naye alikuwa na mazoea ya kuwa wa kwanza. Alisema vema, baba amekwisha kusema. Eliana akachukue begi lake, vitu vingine vitafuatwa. Ile kanga wampe mwingine, wasichana hawajaisha chuo kizima.

Nikita alisema kwa upole kwamba mwingine hayupo. Waasisi ni saba, majina yameshapelekwa Dodoma. Eliana akiondoka, tawi halifunguliwi leo, na wale sita waliofunikwa watavua. Mmoja wao amepanga peke yake kule karibu na ziwa, mlango wake hauna jirani.

"Hayo ni yenu," Leonard alisema. "Sisi tuna yetu." Akasogea hatua moja kuelekea kwa Magreth, na hakupandisha sauti, maana hakuwahi kuona haja. Watu wote walikuwa wameacha kumwita Magreth jina la mtoto wake wa kwanza. Hakuna kikao kilichokaa. Waliamka tu siku moja baada ya msiba wakawa wanamwita kwa jina la wa pili, kama mtu anayehama upande wa njia kukwepa shimo, na yeye akawa anaitika.

"Mama Eliana," Leonard alisema, "mimi nakuheshimu. Lakini usinifundishe kuhusu watoto wetu. Huyu si yatima wa kuokotwa na wenye kanga. Ana ukoo. Siku ya msiba wa mwenzake ukoo huu ulijaza malori mawili na trekta, wazee wenye magongo walipakiwa juu kama magunia, hakuna aliyebaki nyumbani hata wa kufungia kuku. Hodi ya asubuhi ni ya watu wasio na kwao. Sasa niambie, siku ile sisi tumejaa pale, hawa wa vyama walikuwa wapi?"

Magreth alikuwa akikishika kitenge chake kisipeperuke. Alikiachia.

"Mimi bado ni mama Janeth, shemeji. Malori mawili na trekta mlikuja kuzika. Mlango wa mwanangu aliufungua dalali wa vyumba, amemleta mpangaji mpya kuangalia chumba."